Jekyll, Dorian au Dracula: uanze na kipi?

Nyumbani kwa babu palikuwa na nakala ya Mashimo ya Mfalme Sulemani isiyo na jalada, na pembeni yake Kisiwa chenye Hazina kilichoshonwa upya kwa uzi wa gunia. Tafsiri zote mbili zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa vizazi kadhaa ndizo zilizotukutanisha wasomaji wa Kiswahili na mwanaume wa Kiingereza wa karne ya 19. Mwanaume huyo ana bunduki, ana ramani, ana wenzake wa safari, na hatishiki kwa kiu wala kwa mkuki. Rider Haggard, mwandishi wa Mashimo, alikitoa kitabu chake cha 1885 kama hidaya kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo, na msimulizi wake anatangaza mapema kabisa kwamba hadithi nzima haina gauni ndani yake.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba Robert Louis Stevenson, yuleyule wa kisiwa cha hazina, alitoa Januari 1886 kitabu kingine kifupi ambamo kila mwanaume ana hofu. Anaogopa barua. Anaogopa mlango wa uani. Anaogopa mkono wake mwenyewe juu ya shuka. Jasiri wa porini na mwoga wa mjini waliandikwa miaka ileile, wakasomwa na watu walewale, na babu zetu waliletewa yule wa kwanza. Kwa hiyo vijana wanaosoma fasihi wakiniuliza waanze na kitabu gani ili waelewe uanaume katika riwaya za kutisha za mwisho wa karne ile, nalichukua swali lao kwa uzito.

Huwa nawawekea vitatu mezani: Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde cha Stevenson, The Picture of Dorian Gray cha Oscar Wilde, kilichotoka jaridani 1890 na kuwa kitabu 1891, na Dracula cha Bram Stoker cha 1897. Vyote vinapatikana bure kwenye intaneti kwa kuwa muda wa hakimiliki umekwisha, basi bei si kigezo. Kilichobaki ni muda wako, Kiingereza chako, na unachokitafuta.

Riwaya za aina hii huitwa za Kigothiki. Zilipoanza, katika karne ya 18, zilikuwa na kasri bovu, mtawala katili na binti aliyefungiwa. Kufikia miaka ya 1880 kasri lilikuwa limehamia London, likawa nyumba ya daktari yenye mlango wa pili, na aliyefungiwa ndani akawa mwanaume. Wakati huohuo mambo mengi yalikuwa yakimpa mwanaume wa tabaka la juu wasiwasi. Sheria ya 1882 ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Magazeti yalijaa mabishano juu ya mwanamke wa kisasa anayepanda baiskeli na kufanya kazi ofisini. Wanasayansi walizungumzia uwezekano wa binadamu kurudi nyuma kuelekea unyama, na mwandishi Max Nordau akaandika kitabu kizima cha kudai kwamba Ulaya inaoza.

Kiswahili kinanisaidia kuyaeleza haya kuliko Kiingereza. Tuna uanaume, tuna urijali, na tuna uungwana, na hayo ni mambo matatu tofauti. Muungwana wa Pwani alijulikana kwa kanzu, bakora na ulimi wake; wa London kwa kofia ndefu, klabu yake, na kwa kutochungulia mambo ya mwenzake. Vitabu hivi vitatu vinagusa urijali kwa mbali. Shabaha yao ni uungwana, na hasa kile tunachokiita sitara: kumfunika mwenzio aibu yake. Kwetu sitara ni wema. Katika kila kimoja cha vitabu hivi kuna kitu kinachofunika, na ukikifuata hicho hutapotea njia. Kwa Stevenson ni mlango, kwa Wilde ni kitambaa cha satini, kwa Stoker ni pazia la gari la farasi.

Mlango

Jekyll ni kifupi, takriban maneno 25,000. Ukianza baada ya magharibi utamaliza kabla ya kulala. Kiliuzwa shilingi moja, na katika miezi sita ya mwanzo nakala zipatazo 40,000 zilinunuliwa Uingereza. Stevenson alikiandika Bournemouth akiwa mgonjwa wa kifua, na familia yake ilisimulia kwamba rasimu ya kwanza aliichoma moto baada ya mkewe Fanny kuikosoa.

Hesabu watu wake. Utterson ni wakili, Enfield ni jamaa yake, Lanyon na Jekyll ni madaktari, Hyde hajulikani ni nani. Hakuna anayetajwa kuwa na mke. Wanakula pamoja, wanakunywa divai nzuri, wanatembea pamoja Jumapili. Katika matembezi hayo Enfield anasimulia jinsi usiku mmoja wa baridi, yapata saa tisa, alivyomwona mtu mfupi akimkanyaga mtoto wa kike njiani na kuendelea na safari yake. Watu wakamzingira, wakadai fidia ya pauni 100. Akaingia kwenye mlango uliobabuka rangi, usio na kengele wala kigongeo, akatoka na pauni 10 za dhahabu na hundi ya kiasi kilichobaki, imesainiwa na mtu mwenye jina kubwa.

Enfield akamweleza Utterson kanuni yake ya maisha: kadiri jambo linavyozidi kunuka, ndivyo anavyopunguza kuuliza. Utterson akaisifu kanuni hiyo. Mimi naona kitabu kizima kimelala hapo. Hyde anaishi kwa sababu waungwana hawaulizani. Wakili ana wasia wa rafiki yake kwenye sefu, wasia unaompa mali yote Hyde, naye anawaza tu kwamba Jekyll anatishwa kwa siri ya ujanani, analipa ili anyamaziwe. Anaihurumia hiyo siri na kuilinda. Hadi Sir Danvers Carew, mbunge mzee mwenye adabu, anauawa barabarani kwa bakora ambayo Utterson mwenyewe alimzawadia Jekyll.

Filamu zimetuharibia Hyde, yule ambaye Jekyll hugeuka kuwa yeye akinywa dawa aliyoichanganya mwenyewe. Wengi wanamtarajia jitu lenye misuli. Kitabuni Hyde ni mdogo, na nguo za Jekyll zinamlegea, suruali imekunjwa isiburute. Ule upande uliofichwa maisha yote haujapata kukua. Asubuhi moja Jekyll anaamka kitandani kwake, mapazia yake, samani zake, kila kitu kiko mahali pake, lakini anahisi yuko kwingine. Jicho likaangukia mkono. Mkono wa daktari ulikuwa mpana, imara, mweupe, wa kupendeza. Huu uliolala juu ya shuka umekonda, mishipa imesimama, vifundo vimetokeza, rangi yake ni weusi uliopauka, na nywele zimeufunika. Alikuwa amelala Jekyll, ameamka Hyde, bila dawa.

Nakuomba usipite haraka kwenye ile rangi. Hyde anafananishwa na nyani, anaitwa mshenzi, anatiwa giza mwilini. Ni maneno yaleyale ambayo wasafiri wa Kizungu wa miaka hiyo waliyatumia kwa watu wetu. Mwingereza alipotaka kuchora uovu uliomo ndani yake mwenyewe alichukua rangi kutoka kwenye kopo alilolitumia kutuchorea sisi. Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulisema hilo darasani, na mwalimu mzuri atamshukuru.

Satini

Dorian nitasema machache, ingawa ndicho kilichomgharimu mwandishi wake zaidi ya vyote. Kilitoka Julai 1890 katika jarida la Lippincott's, na wauza vitabu W. H. Smith wakaliondoa jarida hilo kwenye vibanda vyao vya stesheni za reli. Mwaka uliofuata Wilde alikipanua kutoka sura 13 hadi 20. Kijana mzuri wa sura anaomba picha yake izeeke badala yake, na anapata alichoomba. Anaibeba picha hadi chumba cha juu alichosomea utotoni, anaifunika kwa satini ya zambarau iliyodariziwa dhahabu, anafunga kwa ufunguo.

Kuna kijikaratasi humo ambacho sijawahi kukisahau. Dorian ameua, na anahitaji mkemia, Alan Campbell, amsaidie kuuyeyusha mwili. Campbell anakataa katakata. Dorian anaandika kitu kwenye karatasi, anaikunja, anaisukuma mezani. Campbell anasoma, uso unamgeuka kama wa maiti, anakubali. Wilde hatuambii kilichoandikwa. Msomaji wa 1890 alikuwa na sababu ya kukisia, kwani kifungu cha 11 cha sheria ya 1885 kilifanya uhusiano wa kimwili kati ya wanaume kuwa kosa hata faraghani, na watishaji wakaona pa kupatia riziki. Miaka mitano baadaye Wilde mwenyewe alikuwa mahakamani, na wakili Edward Carson alimhoji kwa vifungu vya riwaya hii. Tarehe 25 Mei 1895 alihukumiwa miaka miwili ya kazi ngumu kwa sheria hiyohiyo. Maneno ya kifungu kile yalisafiri hadi makoloni; kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni ukoo wake wa moja kwa moja. Kwa hiyo anayesomea sheria asikiruke kitabu hiki akidhani ni cha wapenda sanaa tu.

Ugumu wake ni mazungumzo. Lord Henry, rafiki mkubwa wa Dorian, anageuza kila sentensi ndani nje, na asiye mwenyeji wa Kiingereza cha mafumbo huchoka. Sura ya 11 ni orodha ndefu ya manukato, vito na mavazi. Hapo wengi hukiweka kitabu chini. Lakini tafakari jambo moja. Pwani yetu mwanaume akijifukiza udi, akivaa joho lenye tarizi na jambia la fedha, hapungukiwi urijali hata chembe. London ya 1890 mwanaume wa namna hiyo alikuwa tayari ameanza kutiliwa shaka. Mipaka ya uanaume iliwekwa na watu, mahali fulani, wakati fulani, na Dorian inakuonyesha ikiwekwa.

Pazia la gari

Dracula ilitoka Mei 1897, kwa shilingi sita, na ni ndefu: sura 27, takriban maneno 160,000. Isikutishe. Ni shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, na kila kipande peke yake ni chepesi kusoma.

Msomaji wa Kiswahili akisikia mnyonya damu atamfikiria mumiani. Mlinganisho unafaa hadi mahali fulani. Mumiani wa mitaa yetu wakati wa ukoloni alikuwa mtu wa gari na sindano, anauza damu ipelekwe mbali. Count Dracula anataka zaidi ya damu. Anataka nyumba London, anataka wanawake wao, anataka ukoo. Na uso wake, kwa kiasi, huenda una kitu cha njia zetu. Stoker alimfahamu msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyetoka Unguja 1857 akapita Kazeh, yaani Tabora, na kufika Ujiji Februari 1858. Katika kumbukumbu zake za 1906 Stoker anaeleza jinsi Burton alivyokuwa akizungumza, mdomo wa juu ukapanda, na jino la chonge likaonekana lote kama jambia.

Sura nne za mwanzo ndizo bora kuliko chochote kilichoandikwa enzi ile juu ya mwanaume anayepoteza nafasi yake. Jonathan Harker, wakili kijana, amefika kasrini kwa kazi ya kuuza nyumba. Hajaona mtumishi. Siku moja anachungulia kwenye upenyo wa bawaba za mlango, anamwona mwenyeji wake akitandika kitanda. Kisha anamwona akiandaa meza. Bwana mkubwa wa kasri ndiye aliyekuwa akimpikia na kumtandikia. Harker anaelewa kwamba humo ndani hakuna mwingine, na kwamba yeye ni mfungwa. Anaketi kwenye meza ndogo ambapo, anawaza, zamani bibi fulani aliandika barua ya mapenzi, na yeye sasa anaandika shajara. Amekaa kwenye kiti cha yule binti wa riwaya za zamani, na hakuna anayekuja kumwokoa.

Halafu tunahamia Uingereza, kwa Lucy. Ameposwa na wanaume watatu siku moja. Anapoanza kupungukiwa damu, mchumba wake Arthur anatoa yake, kisha Dokta Seward, kisha Profesa Van Helsing, kisha Quincey Morris wa Texas. Arthur anasema kwamba kwa damu ile anajiona amekwisha muoa. Wale wengine watatu wanakubaliana asijue kamwe kuwa nao walitoa. Sitara tena, safari hii ya huruma. Baada ya maziko ya Lucy Van Helsing anapanda gari pamoja na Seward, anaanza kucheka, anacheka hadi analia, analia na kucheka kwa pamoja, na Seward anashusha mapazia ya gari watu wasije wakawaona. Mwanaume ana ruhusa ya kulia mradi pazia limeshushwa. Baadaye Arthur naye analia, kichwa begani mwa Mina, mke wa Harker, kama mtoto aliyechoka.

Mina ndiye anayenifanya niiweke Dracula juu katika suala moja ambalo vitabu vile viwili vimeliacha. Kwa Stevenson wanawake ni mjakazi aliyeona mauaji dirishani, mtoto aliyekanyagwa, na mwenye nyumba kule Soho. Kwa Wilde, Sibyl Vane anapenda, anakataliwa, anajiua. Mina ana mashine ya kuchapa. Ndiye anayekusanya shajara za wanaume wote, anazichapa, anazipanga kwa tarehe, na bila kazi yake hawamjui adui yao. Van Helsing anamsifu kwamba ana ubongo wa mwanaume. Kisha wanaume wanaamua, kwa mapenzi mema kabisa, kumtoa kwenye shauri ili wamlinde. Wakati wao wako nje wakimsaka Count nyumbani kwake, Count yuko chumbani kwa Mina. Harker anazeeka usiku mmoja, nywele zinageuka nyeupe. Sidhani Stoker alikusudia kuwashutumu mashujaa wake, lakini matukio aliyoyapanga yanawashutumu.

Waandishi hawa hawakuwa mbalimbali kama rafu za maktaba zinavyoonyesha. Stoker na Wilde walitoka Dublin na kusoma Trinity College, na Florence Balcombe, aliyeolewa na Stoker 1878, alikuwa amechumbiwa kwa maneno na Wilde kabla. Stoker alikuwa meneja wa ukumbi wa Lyceum, London, ambako Agosti 1888 Richard Mansfield alimwigiza Jekyll na Hyde, miezi ileile wanawake walipokuwa wakiuawa mtaa wa Whitechapel na mji mzima ukimtafuta muuaji asiyejulikana.

Sasa chagua

Una wiki moja, au unafundisha kidato cha tano na sita: chukua Jekyll. Unasomea sheria, sanaa, au historia ya namna dola inavyoingia chumbani kwa watu: chukua Dorian, toleo la 1891, na ukichoka sura ya 11 iruke kisha urudi. Mko kundi: chukueni Dracula, mgawane sauti, mmoja awe Mina, mmoja Seward, mmoja Harker, sura tatu kwa wiki, na wiki ya tisa mmemaliza. Kwa msomaji wa peke yake, Dracula ina bonde katikati, pale Van Helsing anapohutubia kurasa nzima kwa Kiingereza chake kibovu, na bila mwenzako wa kukusukuma unaweza kukwama hapo.

Ukinilazimisha nitaje kimoja cha kuanzia, nitasema Jekyll kwa kila mtu, kisha Dracula, Dorian mwisho. Sababu yangu si ufupi. Ukishaona jinsi Utterson anavyonyamaza, utaitambua karatasi ya Campbell mara tu inapokunjwa, na utajua kwa nini pazia la gari limeshushwa. Ukianza na Dracula, meno na misalaba vitakushika macho na yale ya waungwana yatakupita.

Ukisoma, tia penseli kila mahali mtu anapoamua kutouliza. Kurasa za sura ya saba ya Jekyll ni chache mno. Utterson na Enfield wamepita uani, wamemwona Jekyll dirishani, wamezungumza naye kwa ucheshi, wamemwalika watembee. Anatabasamu, na ghafla tabasamu linafutika, uso unajaa hofu ambayo inawagandisha damu wote wawili, na dirisha linashushwa. Wanaondoka bila neno. Wakishafika barabara yenye watu, Utterson anageuka, wamepauka wote, anasema Mungu atusamehe, Mungu atusamehe. Enfield anaitikia kwa kichwa kwa uzito, na wanaendelea kutembea kimya.